Nani Amemfanya Mtoto Huyu Kuwa Mhuni?

Na Mwandishi Wetu

BASI litokalo Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha likisimama Korogwe, mara moja huzungukwa na wachuuzi. Wapo akina mama wenye machungwa, wapo vijana wenye maji na mayai ya kuchemsha, na miongoni mwao hawakosekani watoto ambao kwa umri wao wangestahili kuwa darasani. Abiria hununua chungwa, hupokea chenji yake kupitia dirishani, na basi huondoka. Mtoto hubaki.

Ni mahali kama hapa, katika mji wowote wa nchi yetu, ambapo neno moja huweza kubadili kila kitu kwa dakika chache. Neno lenyewe ni "Mwizi!" Likishatamkwa, ni nadra kumpata mtu wa kuuliza mwizi ni nani, ameiba nini au ana umri gani. Mawe huokotwa. Watu wazima ambao asubuhi waliwaaga watoto wao kwa upole humgeukia mtoto wa mwenzao kana kwamba si binadamu.

Makala hii haikuandikwa kuutetea wizi. Mama anayeibiwa fedha alizozipata kwa kukaa juani kutwa nzima ana haki ya kukasirika, na jamii ina wajibu wa kumlinda. Hata hivyo, ndugu msomaji, kuna swali ambalo hatuna budi kujiuliza kabla hatujapaza sauti zetu: mtoto huyu ametoka wapi? Je, alizaliwa mhuni, au kuna waliomfanya kuwa mhuni?

Hebu tumchukue mtoto wa mfano, mvulana wa miaka 13. Hatutampa jina, kwa sababu anaweza kuwa wa mtaa wowote wa Manundu, au wa Handeni, Muheza au Tanga. Baba yake alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na salamu zake zikapungua mwaka hadi mwaka. Mama yake huamka alfajiri kwenda sokoni na hurudi usiku. Mtoto yuko mikononi mwa bibi yake, ambaye macho na miguu yake haimwezeshi tena kumfuata mjukuu huko aendako. Tutakwenda naye mtoto huyu hadi mwisho wa makala.

MJI WA WAPITAJI

Manundu ni kata ya mji wa Korogwe, na Korogwe ni mji uliokuzwa na njia pamoja na mkonge. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1893, Mjerumani aitwaye Dakta Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ni miche 62 tu iliyofika pwani ya Pangani ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo michache yakaota mashamba makubwa ya Mkoa wa Tanga, yakiwemo yanayouzunguka mji wa Korogwe.

Mashamba yalihitaji mikono mingi, na mikono hiyo ikaletwa kutoka mbali: kusini na magharibi mwa nchi, na hata nje ya mipaka. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa mtu alitambuliwa kwa namba kabla ya jina lake. Manamba hakuja na ukoo wake. Alimwacha nyuma babu wa kukanya, shangazi wa kufunda na jirani wa kumrudi mtoto wa mwenzake. Miongoni mwa Wazigua wa Handeni, kwa mfano, mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Mtoto aliyekosana na baba yake alikuwa bado na mlango wa pili wa kubisha. Kambini mlango huo haukuwepo.

Hata hivyo, mshahara ulikuwepo. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge na kuongoza duniani. Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakageuka vichaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima haukufika hata tani 30,000. Ukoo ulikuwa umekwisha kuachwa mbali, na sasa mshahara nao ukaondoka. Familia nyingi zilizobaki ziligeukia uchuuzi, vibarua na safari za kutafuta riziki katika miji mikubwa.

Je, mahali mtu anapoishi huweza kumharibia mtoto tabia? Watafiti wawili wa Chicago, Clifford Shaw na Henry McKay, waliuchunguza mji wao kwa miaka mingi na kutoa matokeo yao mwaka 1942. Waliona kwamba mitaa fulani ilikuwa na watoto wengi wahalifu kizazi baada ya kizazi, ingawa wakazi wake walibadilika: kabila moja la wahamiaji lilihama, jingine likaingia, na uhalifu ukabaki pale pale. Wale waliohamia mitaa iliyotulia, watoto wao walitulia pia. Hivyo basi, ubaya haukuwa katika damu ya kabila lolote. Ulikuwa katika mtaa ambao watu wake hawajuani na hakuna anayejihesabu kuwa mlezi wa mtoto asiye wake.

SI UMASKINI PEKE YAKE

Msomaji atauliza: mbona katika mtaa huo huo maskini, watoto wengi zaidi hukua vizuri, wakasoma na kufanya kazi za halali? Hilo ni swali la haki. Tukisema umaskini pekee ndio unaozaa wezi, tutakuwa tumewatukana maelfu ya wazazi maskini waliolea watoto waadilifu.

Mtu na mkewe, Sheldon na Eleanor Glueck, walilikabili swali hilo mjini Boston. Waliwachukua wavulana 500 wahalifu na wengine 500 wasio wahalifu, wakawalinganisha mmoja mmoja kwa umri, akili, asili na aina ya mtaa. Wote walitoka katika mitaa maskini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1950, yalionyesha kwamba tofauti kubwa ilikuwa ndani ya nyumba: kama baba aliadibu kwa kiasi na kwa haki, au alipiga leo na kupuuza kesho, kama mama alijua mtoto alipo, kama wazazi walimpenda mtoto na mtoto akalijua hilo, na kama jamaa wa nyumba ile walishikamana.

Turudi kwa mtoto wetu. Mama yake anampenda sana, na ni kwa ajili yake anakaa sokoni hadi giza. Lakini mtoto huyaona mapenzi kwa kuulizwa: "Leo umeshinda wapi? Umekula nini? Mwalimu amesema nini?" Asipoulizwa na mtu yeyote kwa mwaka mzima, hujifunza kwamba alipo si jambo la muhimu kwa mtu yeyote.

Daktari wa London aitwaye John Bowlby aliandika mwaka 1944 juu ya watoto 44 wezi waliopita mikononi mwake. Kati yao, 14 walionekana kama wasio na mapenzi kwa mtu yeyote wala haya mbele ya mtu yeyote. Katika hao 14, 12 walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo. Mwenzake wa baadaye, Michael Rutter, alilichambua jambo hilo upya mwaka 1972 na kuonyesha kwamba kutengana peke yake hakumwelekezi mtoto kwenye uhalifu kama ugomvi na chuki za nyumbani zinavyomwelekeza. Mzazi anayesafiri kutafuta riziki, akiendelea kuwasiliana na mwanawe na kumwacha kwa mlezi mwema, hajampoteza. Anayempoteza mtoto ni yule anayeondoka moyoni, hata kama mwili wake umelala chumba cha pili.

FIMBO NA MALEZI

Wapo watakaosema kwamba dawa ni fimbo. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, mtoto asiyekanywa huharibika. Lakini methali hiyo inatufundisha kutoogopa machozi ya mtoto tunapomnyima lisilofaa, na mzazi anaweza kukataa bila kujeruhi.

Kama fimbo ingekuwa dawa, taifa letu lingekuwa limepona zamani. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wametendewa ukatili wa kupigwa kabla hawajatimiza miaka 18. Watafiti wengine waliowahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi nchini Tanzania, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, waliwakuta asilimia 95 wamewahi kupewa adhabu ya viboko au mapigo na walezi wao. Zaidi ya hayo, waliopigwa sana ndio walioonekana kuwa na ugomvi na ukorofi zaidi.

Mapigo humfundisha mtoto mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. La pili ni kwamba kosa ni kukamatwa. Mtoto aliyefundika hivyo hatubu, huongeza ujanja. Mtoto wetu wa mfano, siku bibi alipomshtaki kwa mama yake kwamba hashindi shuleni, alipigwa kwa mwiko usiku ule mpaka akalala bila kula. Asubuhi yake mama alirudi sokoni. Hakuna aliyemuuliza kwa nini haendi shule.

DARASA LILILOMTEMA

Laiti angeulizwa, angesema kwamba alichekwa. Sare yake ilikuwa imechanika, daftari limekwisha, na kila alipochelewa aliadhibiwa mbele ya wenzake. Utoro huanza hivyo, siku moja, kisha wiki moja, kisha jina linasahauliwa.

Nchi yetu imefanya juhudi kubwa katika jambo hili. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote, ambayo ilianza kutekelezwa nchi nzima mwaka 1977. Kuanzia mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne. Mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi shuleni. Mlango huo wa kurudi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, maana kwa miaka mingi mtoto aliyeanguka mtihani wa darasa la saba alijikuta, akiwa na miaka 13 au 14, hana shule wala kazi. Aliambiwa kwamba elimu ndiyo ufunguo wa maisha, kisha akaambiwa kwamba ufunguo wake umevunjika.

Mmarekani Robert Merton alieleza mwaka 1938 kwamba jamii inapomtamanisha kila mtu vitu vizuri, huku ikiwafungia wengine njia za halali za kuvipata, baadhi yao watatafuta njia za panya. Mtoto anayesimama kando ya barabara kuu huviona vitu hivyo kila saa vikipita madirishani: simu, viatu vipya, soda baridi. Huvitazama, navyo huenda Arusha.

GENGE NA JINA

Palipo na mtoto ambaye hakuna amwulizaye, genge litamwuliza. Litamwita ndugu, litamgawia chakula, litamlinda asipigwe na wakubwa. Wazazi wengi husema mtoto wao "ameharibiwa na wenzake", na wanasema kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba wale wenzake walimpa kitu alichokuwa amekikosa nyumbani. Bangi na kamari huja baadaye. Kwanza huja kukaribishwa.

Kisha huja jina. Siku ya kwanza mtoto akichukua machungwa mawili bila ruhusa, ni mtoto aliyeiba. Mtaa ukishamwita "yule mwizi", mambo hubadilika. Akiingia dukani anafukuzwa, kitu kikipotea anakamatwa yeye, na wazazi wengine huwakataza watoto wao kucheza naye. Anabaki na marafiki wa aina moja tu, wale walioitwa jina kama lake. Howard Becker, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1963, alionyesha kwamba mtu anayebandikwa jina la uhalifu hufungiwa milango ya kuishi kihalali, na mwishowe hulivaa jina lile kama nguo yake.

Dar es Salaam ilipata somo chungu la jambo hili mwanzoni mwa Januari 2015, pale makundi ya vijana yaliyojulikana kama Panya Road yalipozusha hofu hata watu wakafunga maduka na kukimbilia majumbani. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba vijana hao walikuwa wakitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na watu wenye hasira kwa tuhuma za wizi. Jina hilo la Panya Road likasikika tena mwaka 2022. Watu walidhani kwamba kwa kumwua mmoja wamepunguza wahalifu, kumbe msiba wake uliwakusanya wengine wote.

Wala kuwazoa vijana kwa magari hakukutosha. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliohesabiwa kuwa wazururaji wakakamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Nia ilikuwa kila mtu afanye kazi. Lakini wengi wao walirudi mijini, kwa kuwa sababu zilizowaondoa vijijini hazikuwa zimeondolewa.

WENGI WAO WATAACHA

Sasa tufike kwenye habari njema, ambayo wazazi wengi hawajaisikia. Mtaalamu wa saikolojia Terrie Moffitt alieleza mwaka 1993 kwamba watoto wakorofi ni wa aina mbili. Wapo wachache ambao ukorofi wao huanza utotoni kabisa na huendelea hadi utu uzima. Hawa huhitaji msaada mapema na kwa muda mrefu. Wengi, hata hivyo, huanza wakiwa katika umri wa kubalehe, na huacha wenyewe wanapopata kazi, wenzi na majukumu. Elimu ya ubongo nayo imetuonyesha kwamba sehemu inayomsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo ya matendo yake huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kijana wa miaka 13 ana miguu ya kukimbia ya mtu mzima, lakini breki zake bado hazijakamilika.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba walio wengi kati ya watoto tunaowaita wahuni wataacha, mradi mambo mawili yasitokee: wasiuawe kabla ya kufika huko, na wasikute milango yote imefungwa siku watakapotaka kurudi.

Sheria ya nchi inalitambua jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Aliye chini ya miaka 10 hahesabiwi kuwa na kosa la jinai, na wa kati ya miaka 10 na 12 ni mpaka ithibitike kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kwamba alilolitenda halikufaa. Mtoto hapewi adhabu ya kifungo. Kesi yake husikilizwa faraghani katika Mahakama ya Watoto, mbele ya ofisa ustawi wa jamii. Anayesubiri kesi na hakupata dhamana hapaswi kuchanganywa na watu wazima; kwa ajili hiyo zipo mahabusu za watoto, mojawapo ikiwa Tanga. Anayehitaji kurekebishwa kwa muda mrefu hupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya.

Tazama basi ajabu yetu. Hakimu mwenye elimu ya sheria na ushahidi wote mbele yake hana ruhusa ya kumfunga mtoto wa miaka 13 hata siku moja. Lakini watu ishirini wasiojuana, bila ushahidi wowote, hujipa ruhusa ya kumwua kwa simu moja. Tendo hilo halina jina jingine katika sheria zetu isipokuwa mauaji.

TUFANYE NINI?

Kwanza, wazazi tujue watoto wetu walipo. Mzazi anayerudi usiku hawezi kushinda na mwanawe, lakini anaweza kumpa robo saa ya kumsikiliza kabla ya kulala. Baba aliye mbali na atume sauti yake pamoja na fedha zake. Fedha hununua unga; sauti hulea.

Pili, tuulize kabla ya kuadhibu. Utoro, kukojoa kitandani kwa mtoto mkubwa, kimya cha ghafla au hasira za ghafla ni dalili. Pengine mtoto anaonewa, pengine anadhulumiwa na mtu anayemwogopa kumtaja.

Tatu, tumfuate mwalimu kabla mwalimu hajatuita. Mtoto aliyetoroka wiki moja hurudishwa kwa urahisi kuliko aliyetoroka mwaka.

Nne, majirani turudishe mjomba aliyepotea. Katika mitaa ya mijini, ambako kila mtu ametoka kwao, mjomba wa mtoto ni fundi baiskeli wa kona, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa kwaya, kocha wa timu ya mtaa. Mkono mmoja haulei mwana. Mara nyingi mtu mzima mmoja anayemwita mtoto kwa jina lake halisi ndiye anayemvuta arudi.

Tano, tukimkamata mtoto akiiba, tumshike bila kumjeruhi, tumpeleke kwa wazazi wake, kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi, na ofisa ustawi wa jamii aarifiwe. Arudishe alichochukua, aombe radhi mbele ya aliyemwibia, na alifanyie kazi kosa lake. Hiyo ni adhabu, tena ni adhabu inayomwachia njia ya kurudi.

Turudi kwa mara ya mwisho kwa mtoto wetu. Ni jioni, basi la mwisho limeondoka, na mkoba wa mwuza machungwa haupo. Mtu mmoja amenyoosha kidole, mwingine ameokota jiwe. Mtoto amesimama akitetemeka. Huenda ni yeye aliyeiba, huenda siye.

Katika kundi lile, ndugu msomaji, upo wewe. Unaweza kuongeza sauti yako juu ya sauti za wengine. Au unaweza kupenya mbele, ukamshika mkono, ukauliza swali ambalo hajaulizwa na mtu yeyote kwa mwaka mzima: "Mwanangu, wewe ni mtoto wa nani?"